Tupeane uzoefu: kufukua historia ya baa iliyokufa na jina lake la ajabu (tunaanza na Elephant and Castle, London)

KibaoKikongwe

Wakuu, salaam.

Anayesubiri basi kusini mwa London huona mengi yameandikwa usoni Elephant & Castle, yaani Tembo na Ngome. Wenyeji hawana muda wa kulitamka lote, wanasema Elephant tu. Leo hilo ni jina la mtaa mzima, la stesheni za treni ya juu na ya chini ya ardhi, na la makutano ya barabara. Lakini lilianza kama jina la baa. Baa yenyewe ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1950 barabara zilipopanuliwa, jina likabaki linatembea bila mwenyewe.

Kwa sisi tulioko kwenye Kiswahili jina hili lina utamu wa ziada, maana tembo kwetu ni mnyama na ni pombe ya mnazi pia. Nyumba ya tembo yenye kibao cha tembo. Waingereza hawana habari kwamba wametutungia fumbo.

Nataka tupeane uzoefu wa kufuatilia baa za namna hii: jina limetoka wapi, rekodi zinakaa wapi, na watu hukosea wapi. Sharti la uzi ni moja: njoo na tarehe na mahali inapopatikana. Simulizi za "siku hiyo nilikuwa na washkaji" zina nyuzi zake.

Naanza na yanayosimama. Maandishi ya zamani kabisa yaliyosalia yenye jina hili mahali hapa ni kitabu cha baraza la umwinyi wa Walworth (baraza la mwenye ardhi na wapangaji wake), lililokaa "Elephant and Castle, Newington" (Newington ndiyo parokia yenyewe) tarehe 21 Machi 1765. Mabaraza hayo yalipenda kukaa baa, kwa kuwa ndiko kulikuwa na chumba kikubwa, meza na moto. Kwa hiyo 1765 si mwaka wa kuzaliwa. Ni mwaka ambao tayari baa ilikuwa na jina linalojulikana na nafasi ya kuwakalisha wazee wa baraza. Kabla yake kiwanja kilikuwa na karakana ya mhunzi. Kumbukeni neno hilo, mhunzi, tutalirudia.

Kwa nini pale? Westminster Bridge ilifunguliwa 1750, na New Kent Road ikafuata mwaka mmoja baadaye ili kuiunganisha na njia ya Kent. Njia hiyo mpya ikakutana na njia kongwe itokayo London Bridge. Mwaka 1769 ikaja Blackfriars Bridge na kuleta tawi jingine. Njia panda ya namna hiyo haikosi baa, popote duniani. Magari ya farasi yalisimama kubadili farasi, abiria wakashuka kula na kunywa, na jina la baa likageuka jina la kituo. Ni mwendo uleule wa vituo vya daladala vinavyoitwa kwa jina la baa ambayo konda wa leo hajawahi kuiona.

Jengo lilijengwa upya 1818, kisha tena 1898. Kufikia hapo jina lilikuwa limeshatoroka: stesheni ya treni ya juu ilifunguliwa 1862, ya treni ya umeme ya chini ya ardhi 18 Desemba 1890, na ile ya njia ya Bakerloo 1906. Zote zikachukua jina la baa. Hivyo jembe la barabara lilipofika, kilichozikwa kilikuwa matofali tu.

Swali langu la kwanza kwa wadau: tembo na ngome vimeingiaje kwenye unywaji?

Sikio_la_Mtaa

Mkuu, si walishasema ni binti mfalme wa Hispania? *Infanta de Castilla*. Walevi wa Kiingereza wakashindwa kulitamka, likawa Elephant and Castle. Waongoza watalii wote wanasema hivyo.

KibaoKikongwe

Ndiyo hadithi inayopendwa kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Tuichambue, maana kosa lake ni funzo kwa baa nyingine.

Muulize anayeisimulia: infanta yupi? Utapewa mmoja kati ya watatu.

Eleanor wa Castile, mke wa Edward I, aliyekufa 1290. Tatizo ni kwamba neno infanta halikuwa kwenye Kiingereza wakati huo. Liliingia miaka kama 300 baada ya kifo chake. Mlevi hawezi kuliharibu neno ambalo halijafika mdomoni mwake.

Catherine wa Aragon, aliyeingia London 1501 kwa njia ya Southwark, eneo la kusini mwa London Bridge. Huyu angalau alipita jirani, na mama yake alikuwa malkia wa Castile. Lakini Waingereza walimwita wa Aragon, na kutoka 1501 hadi 1765 ni miaka 264 ya kimya.

Maria Anna, binti wa Philip III, ambaye Charles aliyekuja kuwa Charles I alimfuata Madrid mwaka 1623 ili amwoe. Posa ilivunjika, Charles akarudi mikono mitupu, na watu wa London wakashangilia kwa sababu hawakutaka malkia Mkatoliki. Baa gani ingejipa jina la mchumba aliyekataliwa na mji mzima?

Hadithi ya namna hii ina alama tatu za kuitambua. Inaeleza jina kwa sauti wala haigusi picha. Inamleta mtu mkubwa wa kifalme kwenye kijiwe cha mhunzi. Na kila ukiipinga, inabadilisha mhusika. Ukikuta alama mbili kati ya hizo, weka pembeni uendelee na makaratasi.

Sikio_la_Mtaa

Nimekuelewa. Na Shakespeare je? Kuna sehemu mtu anaambiwa mahali pazuri pa kulala ni kusini mwa mji, "the Elephant".

KibaoKikongwe

Ipo, kwenye *Twelfth Night*, iliyoandikwa karibu 1601. Lakini hapo ni Elephant tu, bila ngome, na ukingo wa mto karibu na majumba ya michezo palikuwa na nyumba yenye jina hilo. Ni Southwark hiyohiyo lakini nyumba nyingine. Hili ni kosa la pili kwa ukubwa kwenye kazi hii: kuunganisha baa mbili kwa sababu zimefanana jina. London ilikuwa na vibao vya Swan, White Hart na Red Lion kwa makumi. Jina bila parokia si ushahidi.

MpendaSarafu

Mimi naingia na sarafu, kwa sababu tembo na ngome walikuwa mfukoni mwa Waingereza kabla hawajawa kwenye kibao cha Newington.

Mwaka 1663 serikali ya Charles II ilianza kutoa sarafu ya dhahabu iliyokuja kuitwa gini, kwa kuwa sehemu ya dhahabu yake ilitoka pwani ya Guinea, Afrika Magharibi. Dhahabu iliyoletwa na kampuni ya kifalme ya biashara ya Afrika ilitiwa alama: chini ya shingo ya mfalme utaona tembo mdogo, na kwenye sarafu za baadaye kidogo, tembo mwenye ngome mgongoni. Ni alama ya kampuni. Kampuni yenyewe, ikiitwa Royal African Company tangu 1672, iliuza dhahabu na pembe, na iliuza watu. Maelfu kwa maelfu walivushwa bahari chini ya alama hiyo.

Namna ya kuiona: shika sarafu yenye uso wa mfalme, tazama pale shingo inapokatwa, chini yake kabisa. Usitafute upande wa ngao. Sarafu zisizo na alama ni zile ambazo dhahabu yake haikupitia kampuni, kwa hiyo kukosekana kwa tembo hakumaanishi sarafu ni bandia. Na zikisuguka, ngome ndiyo hupotea kwanza, ukabaki unadhani ni tembo mtupu.

Sisemi baa iliitwa kwa ajili ya kampuni. Nasema mteja wa 1765 alipotazama kibao kile hakuona kioja. Aliona picha ambayo alishaishika mkononi.

KibaoKikongwe

Hapo umenigusia nilipotaka kufika. Vibao vya baa viliandikwa kwa macho. Wengi hawakujua kusoma, na nyumba za London hazikuwa na namba mpaka miaka ya 1760. Kwa hiyo picha ilikuja kwanza, jina likafuata. Mtu alisema "nenda pale penye tembo mwenye ngome", na hilo likawa jina. Swali sahihi basi ni: mchoraji aliitoa wapi picha?

Na picha hii ilikuwa imezagaa Ulaya karne nyingi. Wasomaji wa Biblia wanaijua kutoka Wamakabayo wa Kwanza sura ya 6: tembo wa vita, kila mmoja na mnara wa mbao mgongoni wenye askari ndani. (Wasomaji wa Qurani nao wana Suratul Fil na jeshi la tembo, ingawa hapo hakuna mnara.) Wachonga mbao wa makanisa ya Kiingereza walimchonga tembo huyo chini ya viti vya mapadri. Mji wa Coventry umemweka kwenye nembo yake. Wengi wa wachongaji hao hawakuwahi kumwona tembo. Henry III aliletewa mmoja na mfalme wa Ufaransa mwaka 1255, akafugwa Mnara wa London akafa baada ya miaka kama miwili. Ndiyo maana tembo wengi wa kuchongwa wana kwato za ng'ombe na mkonga kama tarumbeta.

Sasa rudini kwa mhunzi. Chama cha Watengeneza Visu cha London, kilichopewa hati ya kifalme 1416, kina tembo mwenye ngome juu ya nembo yake tangu 1622. Sababu ni mipini: visu vizuri vilitiwa mpini wa pembe. Karakana kwenye kile kiwanja, halafu nembo ya mafundi visu, halafu baa yenye picha ileile. Ndiyo maelezo yanayohitaji dhana chache kuliko mengine, na mimi niko upande huo. Lakini ni dhana bado. Hakuna karatasi inayosema "tumetundika tembo kwa sababu ya mafundi visu", na anayewaambia ipo awaonyeshe.

Tahadhari ndogo kwa wenzangu wa pwani: msikimbilie kusema pembe hizo zilitoka Zanzibar. Pembe za Zanzibar zilitawala soko karne ya 19. Mwaka 1622 London ilipata pembe zake zaidi kutoka Guinea.

KaratasiMoja

Sasa kazi ya mikono. Nitaandika kwa mpangilio ninaouona una hasara ndogo, kwa baa yoyote ya Uingereza iliyokufa.

Anzia mwisho, rudi nyuma. Mwaka wa kufa hupatikana kirahisi kuliko wa kuzaliwa. Chukua vitabu vya anwani za biashara, vile vya posta vya London vilivyotolewa kuanzia 1800, na kwa miji mingine vile vya wachapishaji Pigot na Kelly. Tafuta baa mwaka hadi mwaka ukirudi nyuma, ukiandika safu tatu: mwaka, jina la mwenye leseni, anwani kama ilivyoandikwa. Usirekebishe anwani. Kitabu cha 1899 kilikusanywa mwishoni mwa 1898, kwa hiyo ondoa mwaka mmoja kabla ya kusema "alikuwepo". Ukiruka miaka mitano mitano ili kuokoa muda utawapoteza wajane. Mke alichukua leseni mume alipokufa, akakaa mwaka au miwili, akaolewa, jina likabadilika, nawe utadhani baa imeuzwa mara mbili.

Kisha sensa, kila miaka 10 kuanzia 1841. Hapo unapata nani alilala kwenye nyumba usiku huo: mwenye baa, watoto, wahudumu, mchunga farasi. Sensa ya 1931 iliungua yote mwaka 1942, na 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Pengo hilo huzibwa kwa sehemu na daftari la wakazi la 1939. Kosa la kawaida ni kutafuta kwa jina la baa. Karani mara nyingi aliandika jina la barabara tu. Tafuta kwa jina la mwenye leseni uliyemtoa kwenye vitabu vya anwani.

Kisha leseni, na hapa ndipo watu hukwama. Leseni za mahakimu zilianza kwa sheria ya 1552. Kuanzia 1753 makarani wa mahakama za wilaya walilazimika kutunza daftari la kila mwenye leseni na wadhamini wake, mpaka 1828. Daftari hizo hutaja mtu na parokia. Jina la baa halipo kila mara, hivyo bila jina la mtu umefungiwa mlango. Halafu sheria ya 1830 ikaruhusu mlipa kodi ya nyumba yeyote auze bia kwa kulipa gini mbili kwa watu wa ushuru, bila kupita kwa hakimu. Vijibaa vya bia vikaota kama uyoga, na havimo kwenye daftari za mahakimu mpaka 1869 sheria ilipobadilishwa. Baa yako ikionekana "imezaliwa" 1869, karibu hakika ni mzee kuliko hapo.

Ikifa baada ya 1904, tafuta jalada la fidia. Sheria ya mwaka huo iliwalipa wenye baa zilizofungwa kwa kuwa mtaa ulikuwa nazo nyingi kupita kiasi. Majalada hayo ni dhahabu: mna mauzo, hali ya jengo, na baa jirani.

Bima ya moto ni msaada mkubwa kwa karne ya 18. Kampuni ya Sun ilianza 1710, na daftari zake ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya London. Kila bima inataja mtu, kazi yake, na mara nyingi kibao cha nyumba, pamoja na thamani ya jengo, ya vyombo na ya mvinyo uliomo. Angalia neno moja: bima inaposema mtu anakaa "karibu na" kibao fulani, au "mkabala na", huyo siyo mwenye baa. Baa imetumika kama anwani tu.

Mwisho, kesi za Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, za 1674 hadi 1913 zinasomwa bure mtandaoni. Andika jina la baa. Mashahidi wa wizi hueleza vyumba, milango, saa, na nani alikaa wapi, kwa ufasaha ambao hakuna daftari la kodi litakupa.

MzeeWaRamani

Nyongeza kwa KaratasiMoja, kwa Elephant hasa: Newington ilikuwa wilaya ya Surrey mpaka 1889, wilaya ya London (County of London) ilipoundwa. Watu wanapekua rekodi za London wiki nzima, wanatoka mikono mitupu, kumbe mahakama iliyohusika ilikuwa ya Surrey na nyaraka zake ziko mji wa Woking, Surrey. Kabla ya kufungua daftari lolote, uliza: mwaka huo, mahali hapa palikuwa wilaya gani?

Ramani nazo ni tatu nne tu za lazima, nazitaja kwa majina ya waliozichora. Rocque, 1746: ipo kabla ya New Kent Road, kwa hiyo inakuonyesha njia panda ilivyokuwa kabla ya msongamano. Horwood, 1792 hadi 1799: kurasa 32, alikusudia kuonyesha kila nyumba, na sehemu kubwa akaweka hata namba. Ramani ya serikali ya miaka ya 1870, kipimo cha futi 5 kwa maili: baa huandikwa P.H. (public house, yaani baa), na baa kubwa hutajwa kwa jina. Halafu mipango ya bima ya Goad kuanzia 1886, yenye rangi: waridi ni tofali, njano ni mbao. Hapo unajua jengo lilikuwa la nini na lina ghorofa ngapi.

Kinachoharibu kazi ni namba za nyumba. Barabara zilipewa namba upya mara kwa mara, na miaka ya mwisho ya 1930 halmashauri ya London ilibadilisha majina ya barabara kwa mamia ili kuondoa yaliyojirudia. Usihamishe namba ya 1850 kwenye ramani ya leo. Hesabu nyumba kutoka kona. Baa za kona ni rahisi kwa sababu kona haihami.

Isipokuwa ikichimbwa. Pale Elephant kona yenyewe ilifutwa.

Mto_Thames

Mnanikumbusha Swan with Two Necks, yaani Batamaji Mwenye Shingo Mbili, iliyokuwa Lad Lane, katikati ya jiji. Ukiitafuta Lad Lane kwenye ramani ya leo huioni, ilimezwa na Gresham Street mwaka 1845.

Maelezo ya kawaida: mabatamaji wa mto Thames wana wenyewe, nao ni Taji na vyama viwili vya kale, Wauza Mvinyo na Watia Rangi. Kila Julai, wiki ya tatu, mashua hupanda mto kuhesabu makinda. Zamani walichanja mdomo wa ndege kwa kisu: mchanjo mmoja kwa Watia Rangi, miwili kwa Wauza Mvinyo, mmoja kila upande. Wa Taji waliachwa bila alama. Siku hizi wanavalisha pete mguuni. Mchanjo kwa Kiingereza ni *nick*, shingo ni *neck*. Kwa hiyo batamaji wa michanjo miwili akageuka wa shingo mbili.

Tofauti na infanta, hii inagusa picha: muuza mvinyo ana sababu ya kutundika batamaji wa wauza mvinyo, na mchanjo wa mdomoni hauonekani kutoka barabarani ilhali shingo mbili zinaonekana. Lakini shajara ya Henry Machyn, mkazi wa London, ya mwaka 1556 tayari inaitaja nyumba hiyo kwa shingo mbili. Kama neno liliharibika, liliharibika kabla ya hapo. Au mwenye kibao alitania makusudi tangu siku ya kwanza, jambo ambalo watafiti huwa hawalifikirii. Wenye baa ni wafanyabiashara, wanajua picha ya kuchekesha inauza.

Kuhusu kufa kwake: kufikia 1838 mwenye nyumba, William Chaplin, alikuwa na magari ya farasi 68 na farasi 1,800, yeye ndiye mkubwa kuliko wote nchini. Alipoona reli inakuja hakupigana nayo. Aliuza magari, akatia fedha kwenye reli ya kwenda Southampton, akaishia kuwa mwenyekiti wake. Baa za magari ya farasi zilikufa namna hiyo mara nyingi, wenyewe wakitoka kwa mlango wa nyuma na fedha zao.

Sikio_la_Mtaa

Kwa hiyo masikio nayo huwa na haki wakati mwingine!

Mto_Thames

Wakati mwingine, ndiyo. Mfano ulio wazi ni Tabard, Southwark, kwenye barabara inayoshuka mpaka Elephant. Ndipo mshairi Chaucer, kwenye hadithi zake, alipowakusanya mahujaji wake wa Canterbury, na mwenye nyumba anayemtaja, Harry Bailly, alikuwepo kweli: alikuwa mbunge wa Southwark 1376. *Tabard* ni joho fupi lisilo na mikono. Moto wa Southwark ukaiunguza 1676, ikajengwa upya, na kibao kipya kikatundikwa cha *Talbot*, mbwa wa kuwindia. John Aubrey, aliyeishi wakati huohuo, analaumu ujinga wa aliyetundika. Hapo tuna shahidi wa zama zenyewe, tuna jina la kabla na la baada, na tuna mwaka wa badiliko. Vitu vitatu ambavyo hadithi ya infanta haina hata kimoja. Jengo likavunjwa 1873. Uchochoro wake bado unaitwa Talbot Yard, kwa hiyo kosa ndilo lililoshinda.

Yaliyobaki ya namna hii nayataja mbiombio. Goat and Compasses, yaani Mbuzi na Bikari, ati ni *God encompasseth us*, "Mungu anatuzingira". Bag o' Nails, yaani Fuko la Misumari, ati ni Bacchanals, sherehe za mungu wa mvinyo wa Warumi. Fuko la misumari ni kibao cha kawaida kabisa cha muuza vyuma. Bull and Mouth, yaani Fahali na Mdomo, ya mtaa wa St Martin's le Grand, ati ni Boulogne Mouth, mlango wa bandari ya Boulogne, ukumbusho wa Henry VIII kuuteka mji huo wa Ufaransa 1544. Hiyo ya mwisho ilivunjwa 1888 kupisha majengo ya posta, lakini kibao chake cha mawe kimehifadhiwa: mdomo mkubwa umepanuka, na fahali ndani yake.

MpendaSarafu

Kabla hatujasahau, kwa wanaofukua baa za karne ya 17 kuna ushahidi wa picha ulio bora kuliko wote: sarafu za kienyeji zilizotolewa na wenye maduka na baa kati ya 1648 na 1672, wakati chenji ndogo ilipoadimika. Mfalme alizipiga marufuku 1672. Upande mmoja kuna picha ya kibao, pembeni jina la mtu na barabara. Upande wa pili herufi tatu kwa umbo la pembetatu: ya juu ni ukoo, ya chini kushoto ni jina la mume, ya chini kulia ni la mke. Ukipata mke na mume kwa pamoja, kitabu cha ndoa cha parokia kinafunguka.

Sikio_la_Mtaa

Swali la mwisho. Kuna baa pale leo inaitwa Elephant & Castle. Siyo hiyo?

KibaoKikongwe

Siyo. Iliyopo ni mrithi wa jina, jengo jingine karibu na njia panda ileile. Ndiyo maana kwenye daftari lako weka mistari miwili tofauti: historia ya jina na historia ya jengo. Ukizichanganya utamfanya mrithi awe mzee wa miaka 250.

Kilichotoka kwenye baa ya 1898 na bado kinaonekana ni tembo mwenyewe, ngome mgongoni. Baa ilipovunjwa alihifadhiwa, akawekwa kwenye jengo la maduka lililofunguliwa pale 1965. Jengo hilo nalo lilifungwa 24 Septemba 2020 na kubomolewa mwaka uliofuata. Tembo akahamishwa tena, safari hii jirani tu, Castle Square. Anayemtembelea amtazame miguu kabla ya mkonga, halafu atuambie mchongaji alikuwa amemwona tembo au la.